Baridi Huficha Kiu

(Hotuba ya mhudumu wa afya katika mkutano wa wananchi wa kata)



Nimesimama mbele yenu kusema jambo moja: baridi yetu huficha kiu, wala haiondoi haja ya maji mwilini.

Ifikapo Juni na Julai, wengi wetu hapa Njombe humaliza siku kwa vikombe viwili vya chai bila kuona kasoro yoyote. Mkazi wa Dar es Salaam hukumbushwa na jasho. Sisi hatuna wa kutukumbusha. Baridi huibana mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, damu ikajikusanya ndani, na mwili ukadhani kwamba maji yanatosha. Kiu hupungua, ilhali figo huzidi kutoa mkojo. Ule mvuke tuuonao vinywani mwetu alfajiri nao ni maji yanayotutoka kwa kila pumzi. Wenzetu wa Makambako huongezewa na upepo unaokausha midomo na ngozi.

Upungufu huo huleta maumivu ya kichwa, uchovu, kizunguzungu na choo kigumu. Ukidumu kwa miaka, huweza kuchangia mawe kwenye figo na maambukizi ya njia ya mkojo.

Wapo wanaojinyima maji kwa makusudi. Mzee hukataa kunywa ili asitoke nje usiku kwenda chooni. Mchuma chai hujizuia kwa kuwa choo kiko mbali. Siwalaumu, ila dawa ya shida hizo si kiu. Mzee na anywe zaidi asubuhi na mchana, na jamaa zake wamwekee chumbani chombo chenye kifuniko. Nanyi wenye mashamba, wekeni choo na maji ya kunywa karibu na wafanyakazi wenu.

Mtauliza, tunywe kiasi gani? Kwa wastani, mwanamke huhitaji takribani lita 2 kwa siku na mwanamume lita 2.5, pamoja na maji yaliyomo katika uji, mchuzi, matunda na chai. Anayenyonyesha na afanyaye kazi ngumu huhitaji zaidi. Ulanzi na pombe nyingine tusizihesabu. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa na rangi ya manjano hafifu, maji yanatosha; ukikolea, ongeza. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiasi alichopangiwa na daktari wake.

Maji hayo yawe salama. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji huanza kuchemka kabla ya kufikia nyuzijoto 100. Basi yakishaanza kutokota, yaacheni yaendelee kwa dakika 3, kisha yahifadhini katika chombo safi chenye kifuniko. Asiyependa maji ya baridi ayanywe yakiwa vuguvugu. Chupa ya chai huyatunza vizuri.

Ndugu zangu, tusiingoje kiu, kwa maana huku kwetu huchelewa kubisha hodi. Usiku wa leo, kabla moto haujazimwa jikoni, kila nyumba ibandike sufuria ya maji ya kunywa kesho.