Majani na Maua katika Lupango

Mama, unataka kupanda lengalenga, nyanya na maua kidogo katika lupango yako. Ni vema sana, bukari peke yake haimjengi mtoto. Lakini hapa Lubumbashi angalia kwanza udongo. Kiwanda cha shaba kilianza kuyeyusha mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wake uliangusha shaba, kobalti na risasi, hasa kule upepo unakoelekea, kama Penga-Penga. Kwa macho hautaona kitu. Majani pengine yanaota mazuri tu. Risasi ndiyo mbaya zaidi: inaharibu akili ya batoto.

Mahali pa namna hii, chini panda maua, basi. Majani ya kula uyapande katika mifuko ao mabeseni mazee yaliyotobolewa, yenye udongo wa mbali na samadi iliyooza. Udongo wetu una ukali. Ukitia chokaa kidogo, mimea inavuta shaba kidogo kuliko mbele. Majani uyaoshe mara tatu, sababu mavumbi ya kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, yanashika juu yake. Na batoto wakitoka kucheza chini, wanawe mikono mbele ya kula.