RELI ILIYOLALA BADO INA MWENYEWE

Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Nimeombwa nizungumze juu ya kikundi kununua shamba. Lakini nitaanza na reli. Najua mama mmoja pale nyuma anajiuliza, reli na nasari yetu ya miche zinahusiana wapi? Zinahusiana, mama. Tusikizane kidogo.

Reli kubwa ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Baadaye matawi yakajengwa kwenda kwenye mazao na mifugo: Thika 1913, Solai 1925, Kitale 1926, Nyahururu 1929, na Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Tawi la Voi kwenda Taveta lilianza 1915 kwa sababu ya vita vya Waingereza na Wajerumani. Kisha barabara zikaongezeka, malori yakachukua mizigo, na katika matawi mengi treni ikapungua mpaka ikaacha kuja. Nyasi zikamea katikati ya vyuma. Watoto wakazaliwa, wakakua na kuoa, bila kuona treni ikipita.

Hapo watu wakasema, "Reli imekufa." Mmoja akalima sukuma wiki kando ya vyuma. Mwingine akajenga kibanda. Kisha akaja mjanja, akapima kwa hatua za miguu, akauza ploti.

Mwaka wa 2020 Serikali ikafufua reli ya kutoka Thika hadi Nanyuki. Vichaka vikafyekwa, mataruma yakabadilishwa, na kabla ya mwaka kwisha treni ya abiria ikafika tena Nanyuki. Tawi la Gilgil kwenda Nyahururu nalo likatengenezwa. Wale waliokuwa na vibanda juu ya njia ilibidi waondoke. Basi haikuwa imekufa. Ilikuwa imelala.

Wengine watasema, "Mimi nimekaa hapa zaidi ya miaka 12, sheria inanipa haki." Hapana, ndugu yangu. Kanuni ya miaka 12 ni ya shamba la mtu binafsi. Ardhi ya umma haipatikani kwa kuikalia, hata ukae miaka 50. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inalinda mali ya kila mtu, lakini hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Kwa hiyo hata hati nzuri yenye mhuri inaweza kufutwa. Na pesa za kikundi, zile za merigoraundi mlizochanga shilingi kwa shilingi, nani atazirudisha?

Kwa hiyo, kabla ya kununua au kujenga, tafuteni njia ya reli. Penye vyuma ni rahisi. Kazi iko mahali ambapo vyuma vimeng'olewa au vimefunikwa na udongo. Hizi ndizo alama.

Kwanza, angalieni umbo la nchi. Treni haiwezi kupanda kilima kama punda. Hata penye milima, wahandisi wa reli yetu ya zamani walijitahidi mwinuko usipite kama mita 2 kwa kila mita 100 za safari. Kwa hiyo njia ya reli huzunguka kilima polepole, na kona zake ni pana. Penye bonde walijaza udongo wakafanya tuta. Penye kilima walikata wakafanya mfereji mpana. Ukiona tuta upande huu wa bonde na mkato upande ule, na vimelekeana, simama hapo ufikiri. Njia ya ng'ombe haiwi hivyo.

Pili, chimbeni kidogo kwa jembe. Chini ya nyasi mtakuta kokoto za mawe yaliyovunjwa, za ukubwa unaolingana, ambazo si mawe ya mahali hapo. Mnaweza pia kukuta misumari minene, au taruma la chuma au la mbao. Kama kuna kipande cha reli, someni ubavuni. Mara nyingi kimeandikwa jina la kiwanda na mwaka. Lakini msidanganyike, huo ni mwaka wa kutengenezwa chuma, na chuma kilikuwa kinahamishwa kutoka njia moja hadi nyingine.

Tatu, tafuteni kalvati na nguzo za daraja. Hivi hudumu kuliko vyuma, kwa sababu ni vigumu kuvibeba.

Nne, tafuteni stesheni. Treni za zamani zilitumia mvuke na zilihitaji maji, kwa hiyo palikuwa na tangi kubwa lililoinuliwa juu. Tangi likiondoka, msingi wake hubaki. Na kumbukeni, penye stesheni ardhi ya reli huwa pana kuliko kwingine.

Tano, waulizeni wazee na nyanya zetu. Msimuulize mzee, "Mpaka uko wapi?" maana ataogopa kuingizwa kwenye kesi. Mwulizeni, "Treni ilikuwa inasimama wapi? Mlikuwa mnapakia mahindi upande gani?" Atawapeleka mpaka mahali penyewe.

Mkimaliza kutembea, linganisheni na ramani. Idara ya Upimaji ina ramani ambazo sentimita 2 ni kilomita moja, na reli imechorwa humo. Halafu mwende ofisi ya ardhi mfanye upekuzi rasmi wa hati, na mwombe ramani inayoonyesha mipaka ya mashamba. Mkiwa na shaka, leteni saveya mwenye leseni, na mwandikieni Shirika la Reli, ambalo limekuwa na njia hizi tangu 1978. Mkitaka kutumia kipande kwa nasari au nyasi za ng'ombe, ombeni ruhusa kwa maandishi na mweke nakala kwenye faili. Neno la mdomo la chifu au la mtu wa reli halitawasaidia siku tingatinga likija. Na kutokuwapo kwa vyuma si ushahidi kwamba ardhi imerudishwa kwa wananchi.

Kuna jambo la maji pia. Tuta la reli ni ukuta uliowekwa shambani. Waliolijenga waliweka kalvati ili maji ya mvua yapite chini. Sasa treni haipiti, na hakuna wa kuzibua. Kalvati likijaa takataka, maji husimama juu ya tuta na kuharibu mahindi ya huyu, au hubomoa tuta kwa kishindo na kuchimba korongo kwa yule. Majirani wagombana, na kila mmoja amsingizia mwenzake. Kikundi kikijua kalvati zote ziko wapi, kinaweza kumwarifu mwenye reli na kuomba ruhusa ya kuzizibua kabla ya mvua ya masika. Ni kazi ya siku moja ya harambee, na inaokoa msimu mzima.

Mwisho, vijana wetu. Kung'oa vyuma vya reli na kumwuzia mtu wa vyuma vikuukuu ni wizi, na ni jela. Pia ni kuweka roho za watu hatarini, maana hujui ni lini treni itarudi. Msiwaache waseme ni mali isiyo na mwenyewe.

Kitabu cha Mithali, sura ya 22, kinatuonya tusiguse mipaka iliyowekwa na waliotutangulia. Sisi tumezoea kuifikiria mipaka ya ndugu na ndugu. Hata mpaka wa reli ni mpaka. Anayeuheshimu analinda jasho la kikundi chake.



Maswali ya kujadili kikundini

1. Je, katika lokesheni yetu kuna tuta, mkato au kalvati la reli? Ni nani kati ya wazee anayekumbuka njia yake?
2. Shamba la kikundi chetu liko umbali gani kutoka kwenye njia hiyo? Tumefanya upekuzi rasmi, au tulimwamini muuzaji?
3. Ni kalvati gani zimeziba, na tutaomba ruhusa ya kuzizibua lini?