Nguvu Inayotafutwa Nchi Kavu: Mwogeleaji Mtu Mzima na Vyuma



Agosti 2008, Beijing, fainali ya mita 50 mtindo huru kwa wanawake. Dara Torres wa Marekani, mama wa mtoto wa miaka miwili, mwenyewe akiwa na miaka 41, aligusa ukuta kwa sekunde 24.07. Britta Steffen wa Ujerumani alikuwa ameshagusa kwa 24.06. Torres alipopata medali yake ya kwanza ya Olimpiki, Los Angeles 1984, Steffen alikuwa hajatimiza hata mwaka mmoja tangu azaliwe. Wengi waliisimulia siku ile kama kisa cha dhahabu iliyopotea kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Mimi iliniachia swali jingine: mtu anawezaje kuwa na kasi zaidi akiwa na miaka 41 kuliko alivyokuwa na miaka 17?

Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa nje ya bwawa. Torres aliogelea mara chache kwa wiki kuliko alivyozoea ujanani, akatoa saa nyingi kwa mazoezi ya nguvu nchi kavu, chini ya kocha aliyeshughulikia kazi hiyo tu. Wala hakutuna misuli. Aliingia majini Beijing akiwa mwepesi kuliko alivyokuwa Sydney mwaka 2000.

Najua wengi wenu hamwendi Olimpiki. Mnaogelea alfajiri kabla ya kazi, mnashindana katika Masters, ambako mlango uko wazi kuanzia miaka 25 na watu hupangwa kwa marika ya miaka mitano mitano. Muda wenu ni mchache, na kila dakika mliyo nayo mnataka iishie majini. Nimekuja kuwaomba mtoe sehemu ya muda huo, kwa sababu maji peke yake hayawezi kumrudishia mtu mzima kile ambacho umri unamnyang'anya.

Tuanze na maji yenyewe. Ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani unaongezeka karibu mara nne, na nguvu ya kuushinda kwa kasi hiyo inahitajika karibu mara nane. Ndiyo maana sekunde moja ya kupunguza ni ghali mno. Lakini maji hayo hayo yanayotukinza ndiyo yanayotubeba. Mwili unaelea, mifupa haibebi uzito wake, na kiganja kinachosukuma hukutana na kitu kinachoteleza na kukimbia. Daktari Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Mwogeleaji ana moyo na mapafu ya kuonewa wivu, lakini mifupa yake mara nyingi haina uimara zaidi ya ya mtu asiyefanya mazoezi, tena humkuta mkimbiaji yuko mbele. Kwa mama aliyekoma hedhi, hilo si jambo la kuahirisha.

Halafu kuna misuli. Baada ya miaka 30, mwili hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na zinazodhoofika zaidi ni nyuzi za kasi, zile zinazomrusha mtu kutoka jukwaani. Hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mwaka 1990, huko Boston, Maria Fiatarone na wenzake waliwapa vyuma wazee kumi wakazi wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Walifanya mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mtu wa miaka 50 akiniambia muda wake umepita, huwa namtajia wazee wale.

Sasa bega, na hapa mniruhusu nikae kidogo. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekalia kikombe chembamba, kama chungwa juu ya kisahani cha kahawa, na kinachokizuia kisiporomoke ni misuli minne midogo pamoja na kano zake. Kila tunapovuta maji, misuli mikubwa ya kifua na mgongo huuzungusha mkono kwa ndani. Inavuta maelfu ya mara kwa wiki, inanenepa. Ile midogo ya nyuma, inayouzungusha kwa nje, inaachwa ikichoka, na kano zinaanza kubanwa chini ya mfupa. Mwaka 1974 madaktari Kennedy na Hawkins waliyapa maumivu hayo jina ambalo limebaki hadi leo: bega la mwogeleaji.

Nilikuwa na miaka 43 langu la kulia liliponigomea. Bwawani nilivumilia. Jioni moja nilinyoosha mkono kushusha sufuria rafuni, ukapanda hadi usawa wa sikio ukaganda. Kocha niliyekuwa naye alinishauri niongeze mizunguko ya polepole, nami nikaongeza, nikapoteza miezi minane. Kilichoniponya ni ukanda wa mpira uliofungwa kwenye kitasa cha mlango. Kiwiko nimekibana ubavuni, kati yake na mbavu kuna taulo iliyokunjwa, ngumi naivuta kwenda nje taratibu, nairudisha taratibu zaidi. Mara kumi na tano, seti tatu. Taulo ikidondoka, ujue umedanganya. Hadi leo sikanyagi bwawa bila zoezi hilo.

Uadilifu wa taaluma unanilazimu kueleza pia kinachopingana nami. Mwaka 1993 Tanaka, Costill na wenzao walichapisha utafiti juu ya waogeleaji 24 wa chuo kikuu. Nusu yao walinyanyua vyuma kwa wiki nane juu ya mazoezi ya bwawani. Uzito waliomudu ulipanda kwa asilimia 25 hadi 35, lakini majini hawakuwashinda wenzao walioogelea tu. Makocha wengi wameushika utafiti huu kama ngao. Mimi nauheshimu, na nausoma hivi: nguvu haihamii majini yenyewe. Mkono wenye nguvu usiojua kuyashika maji unaitawanya ikawa povu tupu. Isitoshe, wale walikuwa vijana ambao mwili wao ulikuwa haujaanza kupoteza chochote. Hoja yangu inahusu wanaopoteza.

Tena kuna mahali bwawani ambapo nguvu ya miguu haina mjadala. Katika bwawa la mita 25, mbio za mita 100 zina mruko mmoja na mageuzo matatu. Mara nne mwogeleaji anasukuma kitu kisichokimbia. Jason Dunford wa Kenya alipotwaa dhahabu ya mita 50 kipepeo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi 2010, hakukuwa na geuzo hata moja. Katika mbio fupi namna hiyo, mruko ukiharibika hakuna pa kufidia.

Kwa hiyo nashauri siku mbili kwa wiki, dakika 40, zenye saa 48 katikati. Kuchuchumaa na mzigo. Kuinua mzigo kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka. Kujivuta kwenye chuma, au kuvuta mzigo kuelekea kifuani kwa asiyeweza. Kubeba uzito mkononi na kutembea nao bila kuinama upande. Wiki sita za mwanzo beba uzito mwepesi hadi umbo likae sawa. Baadaye uwe mzito kiasi kwamba mara ya sita ni ya shida, upumzike dakika mbili au tatu, urudie. Siku ya kufundishwa mbinu majini usitangulize vyuma, maana mkono uliochoka hujifunza vibaya. Usibane pumzi ukiinua. Na kabla ya yote, pima shinikizo la damu.

Kwa makocha nina ombi. Msiwapeleke watu wazima kwenye kona ya bwawa kuhesabu mizunguko, huku vijana ndio wanaopewa programu ya nguvu. Anayehitaji zaidi ni yule mwenye miaka 55.

Na asiyekuwa na jimu karibu asisubiri. Dumu la lita 20 likijazwa maji lina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu uzito wa dumu lenyewe, na lina mpini.