Kuna Swali?

Msikilizaji, saa hizi huko Louisville, Kentucky, yupo mwenzetu anayevua viatu vya kazi baada ya zamu ya usiku. Kwenye uwanja wa ndege wa mji ule kuna Worldport, kituo kikuu cha UPS cha kupanga vifurushi. Ndege zinatua usiku wa manane, mizigo inapangwa mbiombio, na kabla hakujapambazuka zinaruka tena. Wakongo waliofika mjini humo kama wakimbizi, na Kiswahili chao cha Kivu, wanazijua zamu hizo: kama si kwenye vifurushi, basi ghalani au kwenye kiwanda cha nyama.

Siku ya kwanza kazini mnaketishwa chumbani. Supavaiza anaeleza, kwa Kiingereza cha mbio, namna ya kuzima mashine na kuitia kufuli kabla ya kuingiza mkono kuisafisha. Kisha anauliza: kuna swali? Kimya. Unaitikia kwa kichwa, unatia sahihi. Kwetu kumhoji mkubwa mbele za watu ni utovu wa adabu, tena mgeni anaogopa kibarua kisije kikaota nyasi kabla ya mshahara wa kwanza. Bosi anaondoka na fomu zake, akiamini amezungumza na wafanyakazi. Amezungumza na kabati la mafaili.

Serikali ya Marekani inalijua tatizo hilo la lugha. Mwaka 2010 idara ya usalama kazini, OSHA, ilisisitiza kwamba mafunzo ya usalama yatolewe kwa lugha na maneno anayoyaelewa mfanyakazi; na asiyejua kusoma, kumkabidhi kijitabu hakutoshi. Hapo napiga makofi. Lakini ukienda kwenye maghala ya Columbus, Ohio, usishangae kukuta mkalimani ni mpakiaji mwenzako, Msomali aliyeokota Kiswahili Dadaab au Nairobi. Anatafsiri huku mkanda unakwenda, na hana nyongeza hata ya senti.

Wala tusisingizie lugha peke yake. Buffalo, New York, mwaka 2021, wahudumu wa maduka ya kahawa ya Starbucks walikuwa na Kiingereza kilekile cha mabosi wao. Walilalamikia malipo na uchache wa watu kwenye zamu, wakaomba kura ya kuunda chama cha wafanyakazi. Hapo ndipo mameneja wakamiminika kutoka nje ya mji, na Novemba akaja Howard Schultz mwenyewe, aliyeikuza kampuni ile hadi ikaenea duniani, akawahutubia. Maneno hayakukosekana, yalichelewa, tena yalikwenda upande mmoja. Tarehe 9 Desemba, katika duka la Elmwood Avenue, watu 19 waliafiki chama, 8 wakakataa. Mamia ya maduka yamefuata.

Basi wewe unayeanza kazi leo, Louisville au Columbus, supavaiza akiuliza kama kuna swali, tazama mkono wake. Ukiona umeshanyooka kukusanya fomu, nyoosha wako haraka, kabla hajafika kwenye kiti chako.