Gesi ya Majokofu na Haki ya Jirani
(Mada kwa viongozi wa walei, Dar es Salaam)



Sisi tunaoishi au kufanya kazi katikati ya jiji, tangu Kisutu na Upanga hadi Gerezani na Kariakoo, tunalijua joto la mwezi Februari. Muuza samaki, mwenye duka la dawa na mama anayeuza maji baridi kando ya Mtaa wa Msimbazi, wote huhitaji ubaridi ili wapate riziki. Kwa hiyo hatukuja kuulaani ubaridi. Tumekuja kuuliza: ubaridi huo tunaununua kwa gharama ya nani?

Ndani ya jokofu na kiyoyozi mna gesi inayozunguka katika mabomba yaliyofungwa, ikichukua joto la ndani na kulitoa nje. Gesi ya zamani, R-12, ilipovuja iliharibu tabaka la ozoni, ngao inayotukinga na mionzi ya jua iletayo saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Mwaka 1987 mataifa yalikubaliana huko Montreal kuzipunguza gesi za namna hiyo. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1993. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2010 kuachana na R-12. R-22 ya viyoyozi nayo inaondolewa hatua kwa hatua, na karibu yote yapasa iwe imeachwa ifikapo 2030.

Zilizoshika nafasi yake, kama R-134a na R-410A, haziharibu ozoni, lakini huongeza joto la dunia. Kilo moja ya R-410A ikivuja, madhara yake kwa miaka 100 ni sawa na ya takriban kilo 2,000 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kuzipunguza nazo pia. R-32 ya viyoyozi vipya ina madhara ya theluthi moja hivi ya R-410A. R-600a, iliyomo katika majokofu mengi mapya ya nyumbani, madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo mno. Lakini R-600a huwaka kama gesi ya kupikia, na R-32 nayo yaweza kushika moto. Hakuna chaguo lisilodai uangalifu.

Sasa tuseme ukweli juu ya yanayotendeka mitaani. Mteja huambiwa, "Gesi imeisha." Hulipa, hujaziwa, na baada ya miezi michache hulipa tena. Ndugu, gesi ya jokofu haiishi kama mkaa au mafuta ya taa. Ikipungua, imevuja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hata hivyo, tusimtupie fundi lawama zote. Mara ngapi sisi wenyewe tumemshusha bei hata akakosa muda wa kuutafuta ufa huo? Naye ndiye anayevuta hewa ya karakana finyu na kuchomelea mabomba ambayo huenda bado yana gesi inayowaka. Uchumi wetu mdogo tunaulipia kwa usalama wake, na kwa hali ya hewa ya watoto wetu.

Kwa hiyo twapendekeza haya:

Kwanza, tusome kibandiko cha mashine kabla ya kununua, hasa majokofu ya mitumba, ili tujue gesi iliyomo.

Pili, tusikubali mashine ijazwe gesi isiyo yake. Kiyoyozi cha R-22 hakikuundwa kwa msukumo wa R-410A, wala kwa gesi inayowaka.

Tatu, uvujaji uzibwe kabla ya kujaza, na gesi ya zamani ikusanywe katika mtungi, isiachiwe hewani.

Nne, parokia inaponunua jokofu au kiyoyozi kipya, itafute chenye gesi ya madhara madogo, na kazi apewe fundi aliyefunzwa, kwa malipo ya haki.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake *Laudato si'* wa mwaka 2015, alitaja viyoyozi kuwa mfano wa matumizi yanayozidi kukua. Basi jambo hili si la mafundi peke yao.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Mashine za parokia yetu zinatumia gesi gani?
2. Mara ya mwisho tulipojaza gesi, ufa ulitafutwa?
3. Tufanye nini ili vijana wetu mafundi wapate mafunzo na vifaa vya usalama?