SIKUKUU MOJA YA MAVUNO, NCHI MBILI JIRANI



Leo tuzungumze juu ya sikukuu ya mavuno. Sisi wakulima tunaijua furaha ya kuona ghala limejaa. Basi, furaha hiyo si yetu peke yetu. Marekani na Kanada ni nchi jirani, na zote mbili zina Sikukuu ya Shukrani kwa ajili ya mavuno. Hata vyakula vyao siku hiyo vinafanana: bata mzinga, viazi na maboga. Lakini hawasherehekei siku moja, wala kwa namna moja. Kwa nini?

Kwanza ni hali ya nchi. Kanada iko kaskazini zaidi. Baridi huwahi kufika, kwa hiyo mavuno nayo humalizika mapema. Mwaka 1957 Bunge la Kanada liliiweka sikukuu hiyo Jumatatu ya pili ya Oktoba. Huko Marekani, Rais Abraham Lincoln aliitangaza kwa taifa zima mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sheria ya mwaka 1941 ikaiweka Alhamisi ya nne ya Novemba.

Pili ni shamrashamra. Wakanada wengi hula pamoja nyumbani kwa utulivu. Wamarekani je? Loo! Barabara zinajaa, ndege zinajaa, kila mtu anarudi kwao.

Tatu ni historia, na hapa tusikilize vizuri. Wamarekani hukumbuka mwaka 1621 pale Plymouth. Wageni kutoka Uingereza walikuwa wamefika mwisho wa mwaka 1620. Karibu nusu yao walikufa kabla baridi haijaisha. Nani aliwaokoa waliobaki? Ni wenyeji, yaani Wawampanoag. Waliwafundisha kupanda mahindi na kufukia samaki shambani kuwa mbolea. Mahindi hayo ndiyo haya tunayosongea ugali, maana asili yake ni bara la Amerika. Walipovuna, wageni na wenyeji walikula pamoja siku tatu.

Je, wema huo ulilipwaje? Ardhi ya wenyeji ilizidi kuchukuliwa. Mwaka 1675 vita vikazuka. Wengi wakauawa, wengine wakauzwa utumwani. Ndiyo maana tangu mwaka 1970, siku hiyohiyo ya shukrani, baadhi ya wenyeji wa asili hukusanyika Plymouth kuomboleza. Huku watu wanakula, kule wenzao wanalia.

Wahenga walisema, shukrani ya punda ni mateke. Ndugu zetu, mavuno hayaletwi na jembe la mtu mmoja. Yuko aliyetufundisha kupanda, yuko aliyetupa mbegu, yuko aliyetugawia shamba. Tunapopiga ngoma ya mavuno, tuwaite nao waje wale.

Tujadiliane kikundini:
1. Kwa nini Kanada husherehekea mapema kuliko Marekani?
2. Kijijini kwetu, ni nani aliyetusaidia kupata mavuno, nasi bado hatujamshukuru?