Kuku wa Krismasi achinjwe na nani?

Wiki ya Krismasi ikifika, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, Tanga na Morogoro kuna swali linaloulizwa uani hata kabla vitunguu havijamenywa: kuku achinjwe na nani? Mwenye nyumba ni Mkristo. Kuku ni wake, kisu chake, na sikukuu yake. Lakini mtoto atatumwa nyumba ya pili: "Shikamoo babu. Mama anakusalimu, anaomba uje utuchinjie." Mzee anakuja na msuli wake wa nyumbani, anamwelekeza kuku kibla, anasoma bismillahi, kazi imekwisha. Hadai chochote. Anajua saa nane mchana sahani itabisha hodi kwake.

Leo, msikilizaji, nataka kuizungumzia hiyo sahani. Msimu huu kila mtu anafundisha mapishi, na mimi nayapenda mapishi. Ila nikisikiliza mazungumzo ya sikukuu siku hizi, naona yote yanaishia mezani: kuna nyama gani, keki ina ghorofa ngapi, soda kreti ngapi. Nani ataweza kula hakuna anayeuliza. Kwa maoni yangu chakula cha sikukuu kinachostahili sifa hapa kwetu ni kile kinachovuka ua, kikafika kwa jirani wa dini nyingine, naye akafungua kawa na kuosha mikono bila kusita.

Ndiyo maana sishangai pilau kutawala Krismasi. Ukifikiri kidogo ni jambo la ajabu. Chakula cha pwani, cha maulidi na harusi za Waislamu, chenye asili yake ng'ambo ya Bahari ya Hindi, leo ndicho kinachopikwa siku ya kuzaliwa Yesu huko Songea, Mwanza na Moshi, katika nyumba ambazo siku nyingine zote zinakula ugali au ndizi. Sababu ninayoiona mimi ni ya jikoni tu. Pilau ni sufuria moja: wali humo, nyama humo, viungo humo. Haihitaji bakuli la mchuzi pembeni. Unapakua sahani, unafunika, mtoto anavuka nayo barabara, inafika ingali moto.

Hapa mtaniruhusu nigombane kidogo na wapishi. Rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu. Kitunguu kikaangwe taratibu, mpaka kiwe kahawia iliyoiva, pumzi moja kabla ya kuungua. Ukimaliza hapo ndipo unatia tangawizi na kitunguu saumu, kisha bizari ya pilau, iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu chache, maana karafuu ikizidi unakula dawa ya meno. Nyama uwe umeshaichemsha na supu yake umeihifadhi, kwa sababu supu hiyo ndiyo maji ya wali wako. Viazi ruksa. Nyanya, mimi siitaki humo. Ikae kwenye kachumbari. Na anayemimina soya sosi ili kupata rangi haraka, huyo amepika kitu kingine, akipe jina lake.

Supu ikikauka, pilau hupaliwa: makaa juu ya mfuniko, moto kidogo chini, watu waende ibadani warudi. Hapo tumepata tatizo la zama zetu. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Naunga mkono. Anayevuta moshi wa mkaa na kuni siku ya sikukuu ni yule yule anayeuvuta mwaka mzima, na mara nyingi ni mama. Ila jiko la gesi halina makaa ya kupalia, na elimu ya kupalia bila makaa haikuja na mtungi. Wanawake wa mjini wamejitafutia jibu wenyewe: tawa la chapati linawekwa juu ya moto mdogo kabisa, sufuria linakaa juu ya tawa, mfuniko unabanwa na foili au kitambaa kibichi ili mvuke usitoke. Wali unaiva vizuri. Ukoko unapungua, na watoto wana haki ya kulalamika.

Tuje kwenye vitafunwa, maana hivi vinasafiri kuliko hata pilau. Asubuhi ya Idd pwani utakuta vitumbua, kaimati, visheti, mkate wa kumimina na tambi za nazi. Asubuhi ya Krismasi, nenda nyumba ya Mkristo aliyekulia Tanga: vitumbua vile vile, maandazi yale yale yenye iliki. Kenya utakuta chapati. Kwa nyumba nyingi za huko Krismasi bila chapati ni Jumapili ya kawaida, na wako watu wazima leo waliokua wakizila siku za sikukuu na wageni tu, kwa sababu unga wa ngano ulikuwa na bei yake na kusukuma kulikuwa na kazi yake. Kazi ya nani, hilo halisemwi sana. Sikukuu zetu zina kawaida moja ya kuchekesha: dada na shangazi wanakanda na kusukuma tangu alfajiri hakuna anayewatazama, kisha saa saba baba mmoja anageuza mishikaki mara mbili, anapigiwa makofi.

Kitumbua ndicho ninachokipenda zaidi, na ndicho kinachosumbua zaidi. Mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa na tui zito la nazi, unatiwa hamira, iliki na sukari, unaachwa uumuke. Ukiharakisha, kitumbua kinatoka kizito katikati. Na kikaango chake cha vishimo, kile cha chuma, kina tabia zake: kipya hung'ang'ania kila kitu, kilichotumika miaka mingi huachia chenyewe. Kwa hiyo kikaango kizuri mara nyingi ni kikaango cha kuazima, na anayekiazima hukirudisha kwa mwenyewe na vitumbua vichache ndani.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Sahani ya jirani haikuwa inarudi tupu. Ilikuwa na deni lake. Uliletewa pilau siku ya Idd, sahani ikakaa kwako siku mbili, ikarudi na maandazi, au sukari, au hata ndimu tatu za mti wako kama hukuwa na kingine. Siku hizi tunaagiza chakula kwa wapishi wa kukodi, tunapeleka kwenye boksi la kutupa. Ni usafi, ni wepesi, nakubali. Lakini boksi la kutupa halirudi, na kwa kuwa halirudi, hakuna anayekuja mlangoni kwako kesho kutwa. Ukijumlisha na kuta ndefu na mageti yenye kengele, na fleti ambazo mtu wa ghorofa ya tatu hamjui wa ghorofa ya nne, utaona mtoto wa kutumwa na sahani hana pa kupita.

Na si jambo dogo. Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, ugomvi kuhusu nani ana haki ya kuchinja ulifika hadi kumwaga damu, mchungaji akauawa. Kitu kile kile ambacho uani kwetu ni ombi la adabu kwa mzee wa jirani, pale kiligharimu maisha ya mtu. Sisemi pilau ingezuia mauaji; kisa kile kilikuwa na mizizi yake. Ninachosema ni kwamba utaratibu wa mtoto kutumwa kwa mzee mwenye msuli haukuandikwa na waziri yeyote. Uliandikwa na wapishi waliotaka chakula chao kiliwe na kila mtu, na umelinda amani ya mitaa mingi bila kuitishiwa mkutano.

Ukitaka kuufuata mwaka huu, mambo yake ni machache. Omba mchinjaji mapema. Nyama ya nguruwe, yaani kitimoto, kama ipo, iwe na sufuria lake na mwiko wake, na visikutane na vya pilau hata kwenye karai la kuoshea. Keki ya kupeleka kwa jirani isilowekwe mvinyo, au sema wazi kwamba imelowekwa. Na ukiwa huna nafasi ya kupika kingi, pika visheti. Vikishapakwa shira na kukauka vinakaa kwenye kopo siku nyingi, na jirani akisafiri utampa akirudi.

Nimalizie na kalenda. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wa kawaida, kwa hiyo sikukuu za Waislamu zinarudi nyuma na kuzunguka miezi yote, na kila baada ya miaka 33 hivi hupitia Desemba. Krismasi za mwaka 1998, 1999 na 2000 zote ziliangukia ndani ya Ramadhani, na ile ya mwisho Idd ikafuata baada ya siku mbili tatu. Sahani ya Krismasi ya miaka ile haikuwa na maana kupelekwa saa nane. Ilipaswa kungoja adhana ya magharibi, ikae mkekani pamoja na tende na uji wa pilipili manga. Hesabu zinaonyesha tutakuwa hapo tena mwaka 2031 na 2032. Kisha 2033, mwezi ukiandama kama unavyotarajiwa, Idd itatangulia Krismasi kwa siku mbili hivi. Wiki hiyo mzee wa kuchinja hatapumzika, nazi zitapanda bei, na kila kikaango cha vitumbua mtaani kitakuwa kimeshaazimwa. Anayetaka cha kwake anunue sasa, aanze kukizoesha.